Popo darini: umwite mtu wa dawa, fundi bati au mtoa popo?

Nyumba iliyonifunza ni ya Chumbageni, hapa Tanga. Ina vyumba vinne, bati la migongo mipana, dari ya silingibodi, na miembe mitatu mikubwa nyuma ya ua. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha kwa niaba ya wenyewe, wengine wako Dar, wengine Maskati, na kwa miaka mingi simu za usiku zilikuwa za bomba lililopasuka au luku iliyogoma. Usiku ule mpangaji wa Chumbageni, mama mwenye mtoto wa miezi minne, aliniambia: "Kaka, juu ya kitanda cha mtoto dari imelowa, na mvua haijanyesha wiki nzima."

Ulikuwa mkojo wa popo. Asubuhi nilipanda na tochi, nikainua kipande kimoja cha silingibodi, na harufu ikanichoma macho kabla sijaona kitu. Kisha nikaona: juu ya kenchi, kando ya papi, popo wamejibana mmoja juu ya mwenzake kama maganda ya kahawia, na chini yao kinyesi kimekaa kama pumba za mchele zilizomwagwa.

Nyumba ile ilipita mikononi mwa watu wa aina tatu kabla haijapona. Kwanza kampuni ya kupiga dawa, kisha fundi bati, mwisho kijana mmoja ambaye kazi yake ni kutoa popo tu. Nawalinganisha hapa kwa sababu kila wiki naona mtu akilipa mara mbili kwa kosa lile lile. Nimewagusia na watu wa nyuki na wa nyoka, maana wengi wetu tukisikia kishindo darini tunampigia yeyote ambaye namba yake imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, bila kujua kama mnyama tuliye naye ni wake.

Kwanza ujue ni nani aliye juu

Hili lifanye mwenyewe kabla ya kupiga simu yoyote. Panya hukimbia usiku kucha na hutafuna. Popo hugombana na kulialia jioni, kabla ya magharibi, halafu kimya, halafu tena karibu na alfajiri wanaporudi. Komba hurukia bati kwa kishindo na sauti yake inajulikana na kila mtu wa Pwani. Makinda ya bundi hutoa sauti kama mtu anayekoroma, na wengi hudhani ni nyoka au ni mambo ya kichawi. Bundi yule anawala panya wako, na makinda yakishaota manyoya ya kurukia, familia nzima huanza kutawanyika, kwa hiyo mwache amalize malezi ndipo uzibe. Nyuki wakiwa ndani ya ukuta, weka sikio: utasikia mvumo, na mchana pale mahali pana joto kuliko ukuta wa pembeni.

Kinyesi cha popo na cha panya vinafanana sana kwa macho. Chukua kijiti ukiponde. Cha panya kikikauka ni kigumu. Cha popo kinasagika mara moja kuwa unga, na ndani ya unga ule utaona vimeremeta vidogo: ni mabawa na magamba ya wadudu waliokula usiku. Popo wa dari zetu ni hao walao wadudu, wadogo, wengi wao wenye mkia unaochomoza nyuma, na wanapenda bati kwa sababu ya joto lake. Popo wakubwa walao matunda ni wengine. Wao huning'inia mitini au chini ya paa la baraza, wakitema makapi ya maembe na kungu ukutani. Hao mara nyingi hawahitaji fundi: tandaza wavu uliokazwa chini ya boriti wanaposhika, uwashe taa usiku chache, watahamia mtini.

Mtu wa dawa

Huyu ndiye rahisi kumpata na ndiye tuliyemwita kwanza. Alikuja saa nne asubuhi, ovaroli safi, pampu mgongoni, akauliza swali moja tu: vyumba vingapi? Shilingi 150,000. Alipanda, akapuliza, akashuka baada ya nusu saa na kutuambia tusiingie mpaka jioni.

Jioni ile popo walitoka kwa fujo. Waliopata dawa nyingi hawakuweza kuruka. Nilihesabu kumi na saba wakitambaa barazani, na mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka mitano hivi, alikuwa ameinama kutaka kumwokota mmoja. Nilimvuta kwa nguvu mpaka akalia. Siku ya nne uvundo wa waliofia juu ulianza kushuka kupitia matundu ya taa. Wiki ya tatu dari ikaanza kulia tena kama mwanzo.

Mtu wa dawa si mtu mbaya. Kwa kunguni, mende na mchwa nitamwita kesho. Tatizo ni kwamba dawa yake imetengenezwa kwa mdudu anayetembea juu yake au kwa panya anayekula chambo. Popo hali chambo. Anakula kinachoruka angani. Kwa hiyo kinachobaki ni kumchoma kwa harufu au kumtia sumu akiwa amelala, na tundu aliloingilia liko pale pale. Bati lenye joto na tundu wazi ni chumba cha kupangisha, akitoka huyu anaingia mwingine. Vidonge vya nondo vya kabatini na vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kutoa mlio asiousikia binadamu nimevijaribu katika nyumba nyingine, na popo walizaa hapo hapo.

Na kuna jambo moja sitalipitia haraka. Wako wanaokuja na vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani, vile vinavyotoa gesi vikikutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo ni fosfini. Haitakiwi kabisa kutumika juu ya vyumba vinavyolaliwa na watu, kwa sababu inashuka, inapita kwenye nyufa, na inaua mtu usingizini. Fundi akikuonyesha mkebe wa vidonge vya kijivu na kusema ataviweka darini, mshushe ngazi. Ukitaka kujua unaongea na nani, muombe kibali: Tanzania wanaofanya kazi ya viuatilifu wanasimamiwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao Arusha, Kenya ni Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, PCPB. Mwenye kibali hukitoa bila kununa. Muombe pia akuandikie jina la dawa kwenye risiti. Likikosekana jina, hospitali hawatajua wamtibu mtoto nini.

Fundi bati

Wa pili alikuwa fundi bati, jirani yetu, mtu mwaminifu ambaye mabati ya nusu ya mtaa ameyapiga yeye. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiini: "Hawa wanaingia chini ya kofia ya bati. Nitaziba." Shilingi 90,000 pamoja na vifaa. Na aliziba vizuri kweli, kwa waya na saruji, kofia yote, lile bati la kilele cha paa, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Aliziba saa saba mchana, popo wakiwa ndani.

Magharibi ilipofika walianza kutafuta njia, na njia iliyobaki ilikuwa kushuka. Walipita kwenye tundu la taa ya chumbani, kwenye ufa wa fasia, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na nyuma ya kabati. Yule mama alikimbilia kwa dada yake usiku na mtoto mgongoni. Ilibidi fundi apande gizani na tochi mdomoni kubomoa alichojenga mchana. Alisikitika sana, na kosa halikuwa lake peke yake, kwani mimi ndiye niliyemwambia aje mchana.

Hata angeziba usiku baada ya wote kutoka, kungekuwa na swali la watoto. Popo wengi wa huku huzaa kufuata mvua, na mtoto wa popo huachwa darini wiki kadhaa mama akienda kutafuta chakula. Ukiziba wakati huo, watoto wanafia juu, mama zao wanazunguka nyumba usiku kucha wakijipenyeza popote, na wewe unapata uvundo ule ule wa mtu wa dawa. Zaidi ya yote ni ukatili ambao hakuna aliyekusudia. Kwa hesabu ya mvua zetu za vuli na masika, nafasi nzuri Tanga ni Julai hadi Septemba, halafu kidogo Januari na Februari. Hakikisha kwa sikio: simama chini ya dari robo saa baada ya wakubwa kutoka. Ukisikia sauti nyembamba za kulialia bado ziko juu, subiri wiki nyingine mbili tatu.

Mtoa popo

Wa tatu alipatikana kwa kuulizia Dar. Nilimpigia nikitegemea aulize vyumba vingapi. Akauliza: "Magharibi hapo kwenu saa ngapi siku hizi?" Kisha akauliza kama kuna mtoto ndani, kama mtu yeyote amewagusa popo kwa mkono, na bati lina umri gani. Bei alisema ataitaja akishaona.

Alikuja saa kumi na moja jioni, hakuingia ndani kabisa. Alizunguka nje akitazama juu, akionyesha vitu ambavyo nilikuwa nimevipita mara mia: alama ya mafuta, nyeusi, kama ya kidole kichafu, pembeni mwa ufa wa fasia, na kinyesi kilichonata ukutani chini yake. "Hapa ndipo mlango wanaoutumia. Kule kwenye kofia wanatoka wachache." Aliomba viti vinne, akatukalisha kila mtu kwenye pembe yake ya nyumba, mimi, yeye, mpangaji na mume wa jirani, kila mmoja na karatasi. Mwadhini alipomaliza tukaanza kuhesabu. Pembe yangu walitoka tisa. Pembe ya mpangaji hawakutoka. Ufa wa fasia, aliokaa nao yeye, walitoka mia mbili na kumi na sita, wakidondoka kwanza kama matone, nusu mita hivi, ndipo wakifungua mabawa. Nimeishi Tanga miaka yote sijawahi kuwatazama wakitoka. Mama yule alisahau hasira yake kwa dakika kama kumi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Siku mbili za kwanza aliziba kila upenyo ambao si mlango mkuu. Kipimo chake ni kidole cha shahada: kikipita, popo naye atapita, kwa kuwa sentimita moja na nusu inamtosha. Kwenye mawimbi ya bati aliweka vipande vya waya vilivyobanwa na saruji, kwani sponji za dukani huliwa na jua na povu la kupuliza panya hulitafuna. Kisha juu ya mlango mkuu akatundika pazia la wavu mgumu wenye matundu madogo, amelikaza juu na pembeni, chini ameliacha huru likining'inia kama nusu mita chini ya ufa. Popo akitoka anatambaa chini ya pazia, anadondoka, anaruka. Akirudi alfajiri anafuata harufu mpaka kwenye ufa, anakuta wavu, na hana akili ya kwenda kuingilia chini. Kwenye kona moja, ambako pazia halikushika, alitumia kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, laini ndani, kimeinamia chini. Wavu wa mbu alikataa kabisa kuutumia. Kucha za popo hunasa humo wakafa wakining'inia.

Pazia lilikaa siku tisa. Tulihesabu tena jioni ya tano: kumi na wawili. Jioni ya nane: hakuna. Siku ya kumi aliliondoa na kuziba ufa. Kazi yote, pamoja na kusafisha na kubadilisha silingibodi tano zilizooza kwa mkojo, ilichukua wiki tatu na shilingi 620,000.

Ukiwaweka ubavu kwa ubavu

Kwa bei ya siku ya kwanza, fundi bati ni wa chini, mtu wa dawa yuko katikati, mtoa popo ni wa juu mno. Ukihesabu mpaka mwisho wa mwaka picha inageuka: zile 240,000 za wawili wa mwanzo zilipotea zote. Kwa haraka, mtu wa dawa hana mpinzani, na kama una mgeni wa heshima keshokutwa unaweza kushawishika. Usikubali, keshokutwa ndiyo siku ya popo kutambaa barazani. Kwa uimara wa kuziba, nakiri fundi bati wetu alikuwa na mkono mzuri kuliko yule kijana wa Dar. Alichokosa ni saa na mpangilio.

Ndiyo maana sasa kwa nyumba ya kawaida, ya chini, yenye matundu mawili matatu yanayofikika kwa ngazi moja, siagizi mtu kutoka Dar. Namchukua fundi bati wetu, tunahesabu magharibi pamoja, anaziba matundu madogo kwanza, anatundika pazia, anasubiri siku saba hadi kumi, anamaliza. Amejifunza, na bei yake imepanda kidogo, kwa haki. Nyumba tatu tumezifanya hivyo. Lakini jengo la ghorofa, msikiti wenye kuba, kanisa, shule, ofisi ya zamani ya mawe yenye dari ya juu, hapo mlipe mtoa popo. Matundu huwa mengi kuliko macho ya fundi mmoja, ngazi ya kawaida haifiki, na kinyesi cha miaka huwa kimejaa magunia.

Swali la kumchuja yeyote ni lile lile: "Utakuja saa ngapi kutazama?" Anayesema asubuhi hajui kazi ya popo, hata awe na gari lenye nembo. Halafu muulize atafanya nini na watoto wa popo. Akicheka, asante, kwaheri.

Kusafisha, na hofu ya maradhi

Hapa ndipo mtoa popo anapopata halali yake. Kinyesi cha popo kilichokauka kinaweza kuota kuvu iitwayo histoplasma, na vumbi lake likivutwa huingia mapafuni. Mafundi wengi hupanda na ufagio wa chelewa na kitambaa puani. Hapana. Kinyesi kinanyunyiziwa maji kwanza mpaka kilowe, kinakusanywa kwa sepetu ndogo, kinafungwa kwenye mifuko miwili, na anayefanya anavaa barakoa nzito ya N95, glovu na miwani. Mtu wa dawa hatafanya hivyo na fundi bati hatafanya usipomnunulia barakoa mwenyewe. Nunua.

Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotokea Bukoba, na tena mwanzoni mwa 2025 kule Biharamulo, wapangaji wangu walianza kuniuliza kama popo wa darini ndio wale. Popo anayejulikana kubeba virusi vya Marburg ni mla matunda wa mapangoni, Rousettus aegyptiacus. Popo mdogo wa bati si huyo. Hata hivyo popo wa aina yoyote asishikwe kwa mkono mtupu. Akikuuma au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, uende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, bila kungoja kidonda kivimbe. Na kama mtu ameamka akamkuta popo kitandani kwa mtoto, mpeleke mtoto, hata kama hujaona alama.

Nyuki: hapa mzee wa mizinga anawashinda wote

Kwanza tofautisha. Kundi lililotua kwenye tawi au kwenye nguzo ya geti, limejikusanya kama kishada, liko safarini. Mara nyingi siku moja au mbili litaondoka lenyewe. Waondoe watoto na mbuzi karibu, zima mashine ya kukatia majani, ngoja. Kundi lililoingia ukutani au darini na kuanza kujenga masega ni jambo jingine, na kila wiki inayopita kazi inakuwa kubwa.

Mtu wa dawa atawaua kwa dakika chache, na hapo matatizo huanza. Masega yamebaki, hakuna nyuki wa kuyapooza, nta inalainika kwa joto la bati, asali inachuruzika ukutani, siafu wanakuja, majana, yaani watoto wa nyuki, yanaoza. Nyuki wa mizinga ya jirani nao wanakuja kuiba asali yenye sumu na kuipeleka nyumbani kwao. Na hata ukisafisha juu juu, harufu ya nta itaita kundi jipya msimu ujao.

Mrina asali mwenye mizinga yake hufanya tofauti. Mzee tunayemwita hapa hufika jua likizama, anafungua ukuta taratibu akitumia moshi wa maganda ya nazi, anakata masega moja moja, yale yenye majana anayafunga kwa uzi ndani ya mzinga wake, na nyuki wanafuata. Mzinga anauacha pale mpaka giza liingie kabisa, ndipo anauchukua mbali. Kisha anakwangua nta na kuosha ukuta. Malipo yake ni madogo, na asali ni yake. Ila mchague. Wako warinaji wa mwenge, wanaochoma, na chini ya paa la makuti mwenge ni msiba. Muulize kama ana mzinga wa kuwahamishia. Asiye na mzinga amekuja kuvuna tu. Usipomjua yeyote, nenda kwa afisa nyuki wa wilaya au ofisi za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wao huwajua wafugaji wa eneo.

Nyuki wakishaanza kushambulia watu, hapo hakuna kulinganisha bei. Kimbia ndani, funga milango, na ukiwa Tanzania piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Nyoka na kima, kwa ufupi

Kwa nyoka anayetakiwa ni mtu anayefika haraka, na wewe kazi yako ni kumtazama nyoka kwa mbali usimpoteze. Vijana wa mtaa wenye marungu ni wa bure na ndio wanaoumwa. Mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia pembeni mwa nyumba sijaona zikimzuia nyoka anayefuata panya. Walio Watamu na Malindi wana bahati: shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa 1980, huwatoa nyoka majumbani bila malipo. Kwingineko Kenya piga KWS, shirika la wanyamapori la huko. Tanzania anza na afisa wanyamapori wa halmashauri yako au TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na uiweke namba yao kwenye simu leo, siyo siku swila yuko nyuma ya jiko. Kumbuka pia kwamba kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 wanyamapori ni mali ya umma. Si kila anayejitolea kumkamata na kumpeleka anakojua yeye ana ruhusa hiyo.

Kima na tumbili, usimlipe mtu wa mitego hata kidogo. Ukiondoa mmoja, kundi lingine linajaza nafasi, kwa sababu kilichowaleta ni pipa lako la taka na ndizi mezani. Kule Diani, Kenya, wakazi na mahoteli huuliza ushauri kwa shirika la Colobus Conservation, waliopo tangu 1997, na cha kwanza wanachoulizia ni chakula kilichoachwa wazi. Pipa lenye kufuli na wavu wa dirishani vitakutosha.

Jinsi ninavyolipa siku hizi

Popo wa Chumbageni walinifunza kugawa fedha mara tatu, na fundi yeyote mzuri niliyemwambia alikubali. Theluthi ya kwanza baada ya kuhesabu magharibi na kunionyesha matundu yote kwa picha za simu. Ya pili akishaondoa pazia na kuziba mlango mkuu. Ya tatu inabaki kwangu mpaka mvua kubwa ya kwanza ya masika ipite, kwa sababu mvua huonyesha saruji iliyopasuka, na bati likipoa na kupanuka tena nyufa mpya hufunguka. Tunaandika kwenye karatasi kwamba akiona tundu jipya kabla ya hapo analiziba bila malipo ya ziada ila vifaa.

Kwa nyumba ile, mtoa popo alirudi mara moja, mwezi wa Aprili, kuziba ufa wa urefu wa kiganja karibu na bomba la maji ya mvua. Tulikaa tena kwenye viti vinne. Hakutoka popo hata mmoja kwenye bati. Walipita juu yetu wakitokea upande wa miembe, wakifuata wadudu kwenye taa ya barabarani, na mtoto wa mpangaji, sasa anaketi mwenyewe, alikuwa amewanyooshea kidole.